Komwe za Mwosha

Wivu wangu kwa Mwosha ulianzia kwenye mkutano nilioitisha mimi na akaujaza yeye. Nilikuwa na miezi michache tu kijijini, mtendaji wa kijiji mpya, tena mwanamke, nina diploma yangu ndani ya bahasha na muhuri ambao hata wino wake ulikuwa haujakolea, na tayari mikutano yangu mikuu mitatu ilikuwa imevunjika kwa kukosa akidi. Wanakuja wazee kumi na wawili, wanakaa, wananitazama kwa huruma, jua linapanda, mwenyekiti anafunga daftari lake. Mara ya nne mwenyekiti, mtu mpole asiyependa kelele, akaniambia, "Mtendaji, nenda kamwambie Mwosha." Nikamuuliza huyo Mwosha yumo wapi katika muundo wa serikali ya kijiji. Alicheka hadi akapaliwa.

Nikaenda, kwa kununa. Siku ya mkutano watu walikuja hadi waliokosa pa kukaa wakasimama kwenye shamba la mihogo la jirani. Nilisoma taarifa yangu kwa sauti ya kutetemeka kwa furaha, kisha nikanyanyua macho nikaona hakuna anayenitazama. Walikuwa wanamtazama yeye, na yeye alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi, anakoroma.

Alikuwa mwanamke anayeosha maiti za wanawake katika vitongoji vyetu vyote vitatu, tangu barabara ya lami hadi kwenye mashamba ya mananasi. Watoto walimwita Bibi, wakubwa walimwita Bi Mkubwa, na akishapita kila mtu alimwita Mwosha, kama unavyosema Fundi au Mwalimu. Hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia katika siku yake mbaya kuliko zote. Mimi niliingia majumbani kuuliza habari za vyoo na michango. Sasa niambie, watu watamsikiliza nani?

Alikuwa na mikono ya kupendeza kupita umri wake, na alijua. Kila mwezi aliipaka hina hadi kwenye vifundo, akaifunga kwa majani ya mbono, akakaa barazani siku nzima akiagiza watu wamkune mgongo. Niliwahi kumwambia, kwa ile sauti yangu ya ofisini, kwamba kwa kazi yake sikutegemea kuona mapambo. Akainyoosha mikono mbele ya uso wangu. "Hii ndiyo inayowashika watu mara ya mwisho," akasema. "Unataka iwe kama gunzi?"

Na mtu huyo aliyeweza kukaa chumbani peke yake na maiti alikuwa anaogopa chura. Si kuogopa kwa utani. Mvua za masika zikianza hakutoka nje bila kutanguliwa na mtu mwenye fimbo, na akimwona chura, hata yule mdogo wa kijani, alikusanya kanga zake hadi magotini akapiga ukelele uliosikika msikitini. Nilifurahi sana nilipoligundua hilo. Wiki nzima nilitembea na furaha yangu.

Alikuwa na mengine. Alikuwa bahili wa sukari. Chai ya kwake ilikuwa na utamu wa kuhadithiwa. Alisema ana miaka hamsini na kitu, na alikuwa ameisema hivyo kwa muda mrefu, maana katika madaftari ya ofisi nilikuta mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa mara tatu, na kila ulipoandikwa upya aliongezeka ujana. Alipenda umbea kama watu wengine wapendavyo samaki, lakini katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akitoa neno hata moja kuhusu mwili aliouosha. Nilimchokoza mara nyingi. Nilitaka ateleze. Hakuteleza.

Kusoma hakujua. Kila nilipomwona njiani nina faili kwapani aliniambia, "Andika, mwanangu, andika," kwa upole uliokuwa na kisu ndani. Nikieleza jambo mkutanoni, akiamka katika usingizi wake, husema tena, "Andika basi," na watu hucheka. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na nilitaka kuheshimiwa, jamani. Nilitoka mkutanoni nikienda kulia chooni.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni mama yangu. Nilikuwa nimemchukua kutoka Kaole akae nami baada ya miguu yake kushindwa, na kwa mwaka mzima alikuwa amekaa kimya akitazama ukuta, tangu baba alipofariki. Mwosha akaanza kuja alasiri na mihogo yake kwenye ungo, wanamenya pamoja. Siku moja narudi kutoka ofisini nikasikia mama anacheka. Nilisimama nyuma ya nyumba nisiharibu. Nilipoingia, kicheko kikakatika, mama akaniuliza kama nimechoka, na Mwosha akakusanya maganda. Jioni ile sikula. Nilimwambia mama naumwa kichwa.

Naandika haya ili niielewe asubuhi ile aliyokuja Mwosha ofisini kabla sijafungua mlango. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa kwanza." Sikukaa, ila alinyamaza hadi nikakaa. "Nimeosha wanawake wawili ndani ya siku tatu. Vidole vyao vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Macho yamezama. Mume wa mmoja kaoshwa jana na wanaume, nimewauliza, wanasema ni vivyo hivyo."

"Wametapika? Wameharisha?"

"Wametoka maji hadi wakaisha. Na wote, Mtendaji, wanachota kisima cha msikitini."

Kisima hicho ndicho kilichokuwa kijiji chenyewe. Visima vyetu vingine vyote vina chumvi. Maji ya huko ukipikia maharage hayaivi, ukifulia sabuni haitoi povu. Kisima cha msikitini peke yake kilikuwa na maji matamu. Kilichimbwa na wazee kwa sadaka, wageni walisifia, na mtoto akizaliwa maji yake ya kwanza yalitoka humo. Kukisema vibaya kulikuwa kitu cha kumfanya mtu ashukiwe akili.

"Bibi," nikamwambia, "mambo ya magonjwa yana wataalamu wake. Nitaliangalia."

Alinitazama kidogo. "Andika basi," akasema, na safari hiyo hakuwa anatania.

Niliandika. Ninayo hadi leo, kwenye daftari la matukio, kwa mwandiko mzuri. Namba ya afisa afya wa kata ilikuwa kwenye simu yangu na simu ilikuwa na chaji. Kilichonizuia ni hiki, nakiandika kama kilivyokuwa: nilimwona afisa afya, kichwani mwangu, akishuka kwenye pikipiki na kunipita, akienda moja kwa moja kumsalimia yeye, akimwambia umefanya jambo kubwa sana bibi. Nikasema nitapiga kesho. Kesho yake nikasema hawa wengine huenda wamekula samaki wabaya. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda njia panda kununua maandazi, nikakuta meza haipo. Yule mwanamke muuza maandazi alikuwa amekufa kabla ya alfajiri. Jana yake tu alinipa chenji na mkono wake ulikuwa wa baridi, nikadhani ni umande.

Hapo ndipo nilipopiga simu. Niliposema, nilisema, "Nimepata taarifa." Sikusema nimepata kwa nani.

Walikuja. Kilikuwa kipindupindu. Madarasa mawili ya shule yakawa kambi, magunia ya chokaa yakashushwa, ndoo za maji ya klorini zikawekwa kila mlango, na mikusanyiko ikapigwa marufuku: harusi, hitma, mikutano, msiba. Marehemu walinyunyiziwa dawa na watu waliovaa buti, wakafungwa kwenye mfuko, wakazikwa na watu sita. Mwosha alikatazwa kugusa maiti yoyote. Mwalimu wa madrasa alimfafanulia kwamba kwenye dharura kuna tayamamu, kuna ruhusa, Mungu anajua. Alisikiliza, akasema amesikia. Akakaa barazani kwake mikono mapajani, na hina ikamfifia hadi ikaisha, na hakupaka nyingine. Mimi nilizunguka kijiji kizima nikiwa na kizibao cha rangi ya chungwa, nikitoa amri. Nitakuwa mnafiki nikisema sikuona raha kidogo.

Katikati ya balaa hilo ukaja waraka wa halmashauri. Kulikuwa na fedha ya maendeleo kwa ajili ya kijiji chetu, na kwa jinsi hali ilivyo, wananchi wenyewe wachague kipaumbele kimoja, haraka, mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Lazima kuwe na ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa, la sivyo fedha inakwenda kijiji kingine. Mikutano imepigwa marufuku, na huku tunatakiwa kuwashirikisha watu wote. Mwenyekiti alisoma waraka ule mara mbili, akautazama na upande wa nyuma kama kuna maelezo zaidi.

Halmashauri ya kijiji ilichuja mapendekezo ikabakiza mawili. La kwanza, kumalizia zahanati, ambayo boma lake lilikuwa limeishia kwenye lenta kwa miaka mingi na mbuzi walikuwa wanalala ndani. La pili, kuchimba kisima kirefu chenye gati la mabomba ya kuchotea na kukifukia kile cha msikitini. Mimi nilitaka zahanati. Nilikuwa na sababu nzuri, wagonjwa wetu walikuwa wanafia njiani, na nilikuwa na sababu nyingine: zahanati ningeifungua mimi, jina langu lingekuwa kwenye faili lake tangu jiwe la kwanza hadi bati la mwisho. Kisima kilikuwa neno la Mwosha.

Niliandaa fomu. Nikaenda mjini Bagamoyo kuzichapa kwa fedha yangu, fomu nzuri zenye visanduku, nikazisambaza kila nyumba. Watu hawakuzigusa. Walisema karatasi imetoka nyumba ile imekuja nyumba hii, nani anajua imebeba nini. Mzee mmoja aliinyanyua ya kwake kwa kijiti akaitupa jikoni. Zilirudi fomu kumi na moja, na nane kati yake ni za wajumbe wa halmashauri ya kijiji.

"Si umwambie mwenzio," mama akasema, akiwa kitandani.

"Mwenzangu nani?"

"Usijifanye."

Nilikwenda siku iliyofuata. Alikuwa palepale barazani. Nilimweleza habari ya waraka, Ijumaa, fomu. Aliuliza jambo moja tu. "Zinaoshwa hizo karatasi?"

"Karatasi haioshwi, bibi."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kitambaa, akaumwaga kwenye mkeka. Zilikuwa komwe za bao la marehemu mumewe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zimeng'arishwa na mikono ya wanaume wa miaka mingi. "Hizi zinaoshwa," akasema.

Siku mbili zilitosha kuazima komwe za kila bao kijijini, na zilizopungua ziliokotwa kwenye vichaka vya mikomwe kule ufukweni. Tukachukua madumu mawili tukayatoboa tundu kifuniko: la njano la zahanati, la bluu la kisima. Tukaanza kutembea. Yeye mbele na komwe zake ndani ya ndoo ya klorini, mimi nyuma na daftari la wakazi, nikisoma majina ya watu wazima wa kila nyumba. Kwa kila jina alitoa komwe moja kwenye maji, akaikausha kwa kitambaa, akaiweka mlangoni juu ya kigae. Mtu anaichukua, anaitumbukiza.

Nitasema kwa nini nilikubali kutembea nyuma yake siku tatu juani. Nilitaka kumkamata. Nilijua anataka kisima, kijiji kizima kilijua, nikangoja mlango atakaotia neno: kumkonyeza mtu, kulisogeza lile dumu la bluu mbele kidogo. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "La njano zahanati, la bluu maji. Miye nageukia kule." Kisha anageuka, anatazama michungwa, hadi asikie komwe imedondoka. Waliokuwa Dar es Salaam walipigiwa simu, sauti ikawekwa juu: "Nitilieni kwenye la njano," au la bluu, na ndugu yao anatia. Wanawake waliokuwa eda, ambao mkutano wangu wowote wa miaka nenda rudi usingewaona, tuliingia hadi chumbani kwao. Walimshika Mwosha kanga, wakalia kidogo, wakachagua.

Haki yake ilinikera kuliko udanganyifu wowote. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakulisema mlangoni na kila mtu aliliona: tangu siku aliyokuja ofisini kwangu alikuwa anakipita kisima cha msikitini na kwenda kuchota cha chumvi, mbali, na umri ule, na kidumu chake kichwani. Sikuweza kumshitaki mtu kwa kuchota maji ya chumvi.

Alhamisi tulihesabu kwenye ua wa ofisi, viti vimeachana hatua mbilimbili. Mwenyekiti, wajumbe wawili, mimi na yeye. La bluu lilishinda kwa komwe sita. Nikajumlisha zote, nikalinganisha na daftari. Zililingana sawasawa. Hata mtu mmoja hakupungua. Mwenyekiti alisimama akapiga makofi peke yake. "Haijapata kutokea!" akasema. "Akidi ya kijiji kizima!"

Walipoondoka nilibaki nikilitazama daftari langu kwa kuridhika, na hapo ndipo nilipouona mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Daftari lilikuwa la mwaka uliopita. Kijiji kilikuwa kimezika watu wazima tisa tangu ugonjwa uingie. Nilikuwa sijamfuta hata mmoja. Kama komwe zimelingana na daftari, basi marehemu tisa wamepiga kura, na kisima kimeshinda kwa sita.

Moyo wangu ulifurahi. Nasema kweli, ulifurahi. Nilifunga ofisi nikaenda kwake karibu kwa kukimbia, daftari kifuani.

"Bibi, umewapa marehemu komwe."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Majina kanisomea nani?"

Nikalishusha daftari kifuani.

"Umenisomea wewe," akasema. "Nyumba ya kwanza nilikutazama, nikadhani utashtuka. Hukushtuka. Nikasema labda ya pili. Kwa muuza maandazi ulilisoma jina lake kama unasoma idadi ya mabati. Mumewe akanitazama. Nilimwambia kwa macho, tia."

Ndipo nilipoelewa. Daftari lilikuwa na majina matatu matatu ya watu, yale ya vyeti, na mimi watu nilikuwa nawajua kwa majina ya njiani. Kambini waliniletea vifo vivyo hivyo: mama fulani, mke wa fulani. Nilikuwa nimenunua maandazi ya yule mwanamke kila asubuhi, na jina lake nimelisoma kwa sauti mbele ya mumewe bila kujua ni la nani.

"Ungenizuia," nikasema.

"Ningekuzuia." Akapuliza pumba. "Lakini sikuwaosha, Mtendaji. Sikuwavisha sanda. Wametiwa kwenye mfuko kama mkaa. Sina kilichobaki cha kuwapa, nikaona basi, nao waulizwe. Walitia la njano au la bluu, sijui, nilikuwa nimegeuka. Kama unataka kufuta, futa. Mwenye muhuri ni wewe."

Nilikaa chini palepale kwenye mkeka wake. Kufuta kulikuwa na maana ya kurudia yote, na kesho ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na maana pia ya kumweleza mwenyekiti kwamba mtendaji wake hakuwa amefuta maiti kwenye daftari, na akiuliza zaidi, labda angefika hadi kwenye zile siku nilizokaa na simu mfukoni. Nikamwomba aniambie nani ni nani. Aliwataja wote tisa, mmoja mmoja, jina la cheti na jina la njiani, na mimi nikapiga mstari na kuandika siku waliyokufa. Tulipofika kwa muuza maandazi kalamu ilinigoma. Alingoja.

Kesho yake nilisaini muhtasari nikapiga muhuri. Sikufanya kwa wema. Nilifanya kwa sababu kosa lilikuwa langu na yeye alikuwa amelishika, na hata hivyo hakunibana. Ningemshukuru zaidi kama angenibana.

Kisima cha msikitini kilifukiwa kwa vifusi na wanaume waliokuwa wanalia waziwazi. Vyura walitoka humo kwa makumi, na Mwosha, aliyekipiga vita peke yake, alitazama kutoka mbali, juu ya kiti, kanga magotini, akipiga kelele watu waharakishe. Mashine ilikuja, maji yakapatikana chini sana, matamu, na ugonjwa haukurudi. Gati lilizinduliwa kwa hotuba na utepe. Kwenye faili linaitwa Mradi wa Maji, umesimamiwa na mimi. Watu wanasema, "Nakwenda kwa Mwosha kuchota." Zahanati niliimalizia baadaye, kwa miaka minne ya kuhangaika, na siku ya kuifungua walimshukuru diwani.

Mama alifariki mwaka uliofuata, kwa umri wake tu. Mwosha alikuja na mfuko wake: sabuni, pamba, kafuri, majani ya mkunazi. Akaning'ang'ania mlangoni, "Njoo umimine maji. Ni mama yako." Nikasema siwezi. Nilikaa nje nikisikia maji yanadondoka na sauti yake ikimsemesha mama taratibu, kama walivyokuwa wakimenya mihogo. Nilimwonea wivu hata hapo. Mlango ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyekataa kuingia, na bado nilimwonea wivu.

Nikahamishwa kwenda kijiji kimoja upande wa Fukayosi. Mwaka jana, mwishoni, jirani yake alinipigia simu: bibi anakuita, usikawie. Nilipanda pikipiki asubuhi ile ile.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, ameegemezwa mto, amekuwa mdogo. Kulikuwa na beseni la maji na kata karibu yake. Mikono ilikuwa imepakwa hina mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa," akasema. "Kwenye daftari lako nina miaka mingapi?"

"Inategemea daftari."

Akacheka, akakohoa, nikamshika mgongo hadi kikohozi kikapita. Kisha akasema bila kuzunguka, "Nikifa nataka unioshe wewe."

Kitu cha kwanza nilichohisi, na hiki nacho nakiandika, ni ushindi. Niliwafikiria wanawake wote wa kile kijiji, wanaomlilia, waliomletea uji, na kwamba hakuwachagua. Kisha nikaona aibu. Nikamwambia mimi sijui kuosha, hata mama yangu mwenyewe sikumwosha, na kuna wanaompenda wanaojua.

"Hao ndio siwataki," akasema. "Wanaonipenda watalia, na mtu anayelia anaruka viungo. Nimeliona mara nyingi. Wewe umenichunguza tangu siku uliyokuja, unatafuta nimekosea wapi. Hakuna pahala pangu utakaposahau kupatazama."

"Bibi, zile siku tatu," nikasema. "Ulipokuja ofisini. Sikupiga simu."

"Najua."

"Uliambiwa na nani?"

"Niliwaona watu wa afya walipokuja. Nilihesabu siku tu." Akaitazama hina mikononi mwake. "Nilikukasirikia sana. Nilimwambia mama yako."

"Akasema nini?"

"Akasema, mwanangu ana wivu, atakuja kupona. Haya, vuta beseni."

Nikatafuta kalamu kwenye mkoba, kwa mazoea, niandike utaratibu. Akanishika mkono. "Hili usiandike. Lishike."

Akanyoosha mkono wa kulia juu ya beseni. Akanieleza: kulia kwanza, kisha kushoto; maji yaende taratibu, maana hata asiyesikia hapendi kushtuliwa; kila kidole peke yake, na katikati ya vidole, hadi kwenye kifundo. Nikachota maji kwa kata. Nikamimina. Nikamshika kidole gumba, nikaja kwenye cha shahada, ngozi yake ilikuwa nyepesi na ya moto, na hina ilinukia kama ilivyonukia ile siku alipoinyoosha mikono yake usoni pangu. Niliendelea, kidole baada ya kidole, nikafika kwenye kifundo.

"Umeruka kidole," akasema.

Nilijifuta uso kwa bega, nikatazama. Nilikuwa nimeruka viwili.